Mgeni wa Mvua ya Kwanza

Simu ilinikuta jikoni nasonga ugali. Mzee hakusalimu, naye si mtu wa kuruka salamu.

"Sista, mgeni amefika. Njoo leo hii. Kesho hutamkuta."

Nikaepua sufuria, ugali wenyewe bado mbichi. Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi wa nne mwaka 2025, na maji ya mvua ya mchana yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Nikampigia kijana wa boda aliyezoea kunibeba. Nikatia kwenye mfuko tochi, koti la mvua, chupa ya maji na kanga mbili, nikamkabidhi mjukuu wangu mwiko. Kutoka Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, hadi kwao Mzee, upande wa Terego, ambako Mlima Wati unaonekana vizuri, njia ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi mtupu mvua ikishanyesha. Nilijua tutafika gizani, na ndivyo nilivyotaka.

Mgeni huyo nilikuwa nimemkosa mara mbili. Mwaka 2023 nilipata habari zikiwa zimepita siku mbili, nikakuta kitu kimelala ubavu, kimesinyaa, kinateleza mkononi kama mlenda. Mwaka 2024 hakutoka kabisa. Kiazi kilikaa kimya ardhini, likaja jani peke yake, nami nikarudi mjini na tochi yangu.

Mgeni ni ua. Ni ua linalonuka mzoga, na mimi niliyefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na deni nalo.

Nimezaliwa katika nyumba za askari kule Jinja. Baba alikuwa katika kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, kile ambacho nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 kiliitwa Uganda Rifles. Kambini Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, tena kilikuwa lugha ya kuombana chumvi, maana mama huyu ni Mnubi, jirani yake Mwacholi, wa tatu Mkakwa, na watoto wao wote wanacheza pamoja. Mwaka 1980 vita vilipoingia West Nile, mkoa wetu huu wa Arua, tukakimbilia Zaire, Kongo ya leo, na huko nako Kiswahili kikatupokea, ingawa cha kwao kina ladha nyingine. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa Uganda akiandika Kiswahili basi amekipata darasani. Mimi nimelia kwa Kiswahili na nimezika kwa Kiswahili, na wagonjwa wangu wengi, Walugbara, Wakakwa, Wakongomani waliovuka mpaka kutafuta dawa, tulielewana kwa lugha hiyo hiyo.

Muuguzi mzoefu huijua wodi kwa pua kabla hajawasha taa. Kidonda chenye usaha wa kijani kina utamu fulani usiopendeza, kama tunda lililovunda. Mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, pumzi yake hunukia matunda, na ukiisikia pumzi hiyo usiku, hukai tena. Anayevuja damu tumboni, choo chake ni cheusi kama lami, na harufu yake ukiijua siku moja hutaisahau maisha. Mara mbili nimemwamsha daktari kwa sababu ya harufu tu, kabla ya kipimo chochote, na mara zote mbili ilikuwa haki kumwamsha. Kwa hiyo niliiamini pua yangu. Niliamini pia kwamba hakuna harufu ya mwili wa binadamu itakayonifanya nigeuze uso.

Nilipostaafu mwaka 2021 niliendelea kutembelea wagonjwa majumbani, hasa wale walioambiwa hospitali haina zaidi ya kuwapa. Nilikuwa nimesomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, huduma ambayo nchini kwetu ilipata mizizi kupitia Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Tangu mwaka 2004 sheria yetu inamruhusu muuguzi aliyesomea kazi hii kuandika mofini, na ruhusa hiyo imewaondolea watu wengi maumivu, maana vijijini daktari ni mtu wa kusikika tu. Mofini yenyewe ni ya maji. Unaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kummiminia mgonjwa mdomoni pole pole.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nikaitwa kwa mke wa Mzee. Nilimwita Mama, kwa kuwa alinizidi miaka kumi hivi. Alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kupasua ngozi. Walikuwa wamemhamishia kibanda cha nyuma, karibu na ghala, na mkwewe alimletea chakula akakiweka mlangoni. Si kwamba hawakumpenda. Mkwe huyo alikuwa akilia akirudi jikoni, nilimwona kwa macho yangu. Harufu ndiyo iliyowashinda, na aibu ya kushindwa ikawafanya wakae mbali zaidi.

Nikaingia, nikapiga magoti, nikafungua kitambaa. Nikageuza uso.

Niligeuza kuelekea mlangoni, kama mtu anayetafuta mwanga. Ilikuwa muda wa kupepesa jicho. Lakini mgonjwa wa namna ile hatazami kitu kingine ila uso wa anayemfungua. Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira hata kidogo, "Hata wewe, Sista?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Nilimshika mkono nikamwomba radhi, akasema nimesamehewa, tukaanza kazi.

Kulikuwa na bakuli la enameli, jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi upande mmoja, na pale lilipobanduka pana alama nyeusi kama kisiwa kwenye ramani. Humo ndimo tulimotia maji yaliyochemshwa na chumvi, yakapoa, nikaosha kidonda bila kusugua. Kisha nikasaga vidonge vya metronidazoli kati ya vijiko viwili mpaka vikawa unga laini, nikaunyunyiza juu ya kidonda, nikafunika. Mkaa mkavu tukauweka kwenye ungo chini ya kitanda. Dirisha likafunguliwa. Dawa hiyo haiponyi saratani, wala mtu asidanganywe. Inawaua bakteria wanaoishi pasipo hewa, ndani kabisa ya nyama iliyokufa, na hao ndio wanaotengeneza harufu.

Kila siku tulirudia. Mkwe alijifunza kusaga, akawa anasaga laini kuliko mimi. Siku kadhaa zikapita, na asubuhi moja nikamkuta mjukuu wao mdogo ameketi kitandani kwa bibi yake, anakula njugu. Mama alinitazama juu ya kichwa cha yule mtoto, hakusema neno.

Ni wiki hiyo aliponiambia habari za ua.

"Shambani kwetu, pembeni ya kichuguu, kuna ua linanuka kama mimi nilivyokuwa nanuka," alisema. "Linakuja na mvua ya kwanza, kama mgeni, halipigi hodi. Watoto hulipiga fimbo. Wakubwa wengine wanasema linaita nyoka. Mimi nimewakataza wasiliguse tangu nikiwa bibi arusi hapa. Unajua kwa nini, Sista? Linanuka, lakini halijaoza. Ukilishika ni zima kabisa, bichi, lina maji yake. Mvua ikija, nenda ukalinuse. Uniambie."

Nikamwahidi. Alifariki Januari 2023, kiangazi kimekaza, majani yote ya kichuguuni yamekauka. Mvua ilikuja bila yeye.

Yule mjukuu wangu niliyemwachia mwiko anasoma sekondari, naye ndiye aliyenisaidia kulitafuta kwenye simu. Jina lake la kitaalamu ni Amorphophallus abyssinicus. Linaota sehemu nyingi za Afrika zenye mbuga na miti ya hapa na pale. Kwa hiyo mmea wenyewe si wa kutafutwa kwa darubini. Adimu ni kulikuta limechanua. Kiazi hukaa ardhini kiangazi chote bila dalili yoyote juu. Mvua zikianza, ua hutoka kwanza, peke yake, bila jani, linasimama usiku mmoja au miwili, linaanguka. Jani huja baadaye, moja tu, juu ya shina lenye madoa kama ngozi ya nyoka, na nadhani hapo ndipo ile hadithi ya nyoka ilipozaliwa. Na kuna miaka ua halitoki.

Liko katika ukoo mmoja na magimbi, haya haya tunayochemsha asubuhi na kunywea chai. Nilipolijua hilo nililizoea haraka. Kila aliyewahi kula gimbi lisiloiva anajua linavyowasha koo. Ndani yake mna vijisindano vya kalsiamu oksaleti, vidogo usivyoviona, vinavyochoma mdomo na ngozi. Mmea huu nao unavyo. Ndiyo maana Mzee hakubali mtu aliguse kisha ajipanguse jicho.

Ndugu yake mkubwa yuko Sumatra, Indonesia. Mwitaliano Odoardo Beccari alilikuta huko mwaka 1878, na mwaka 1889 likachanua katika bustani ya mimea ya Kew, London, mara ya kwanza nje ya kwao. Hilo hufika mita 3, mtu akisimama kando yake anaonekana mtoto. Huweka akiba kwenye kiazi miaka saba, miaka kumi, ndipo lichanue mara ya kwanza, na likichanua ni siku moja au mbili basi. Sehemu ya katikati hupata joto la kukaribia joto la mwili wa binadamu, na joto hilo ndilo linaloirusha harufu juu na mbali. Mjukuu wangu alinionyesha video ya Januari 2025 kutoka Sydney, Australia: ua moja la aina hiyo limechanua katika bustani ya mimea, wamelipa jina la utani Putricia, na watu maelfu wamepanga foleni wapite mbele yake dakika chache. Nilitazama nyuso zao zaidi ya nilivyotazama ua. Wazee, watoto, wenye suti. Walikuwa wamekuja kwa hiari yao kunusa kitu kilichomfanya mkwe yule aweke sahani mlangoni na kukimbia.

Lililonishika kuliko yote ni suala la salfa. Wataalamu waliopima harufu za ukoo huu wa maua wamekuta mara nyingi kemikali mbili zenye salfa, dimethili disulfidi na dimethili trisulfidi, ambazo ndizo hizo hizo zinazotoka kwenye nyama inayooza. Na mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha kwamba dimethili trisulfidi ndiyo harufu kuu ya vidonda vya saratani vilivyopasuka. Niliisoma sentensi hiyo nimekaa kwenye mkeka, miwani mkononi. Mama hakuwa amesoma kemia. Alikuwa na pua yake tu, na shamba lake, na ugonjwa wake, akaviweka pamoja akasema linanuka kama mimi. Alisema kweli tupu.

Basi tulifika saa moja na nusu usiku. Boda iliteleza mara moja kwenye mteremko, tukashuka tukaisukuma, viatu vikawa vizito kwa tope. Mzee alikuwa amesimama barabarani akiwa na taa ya sola, kofia yake imelowa. Hakunikaribisha ndani kwanza kama desturi. Alisema, "Tukienda sasa ndiyo saa yake."

Tulipita ghala, tukapita kile kibanda, sasa kimewekwa mahindi. Tulipoufikia mwembe nikaisikia. Haikuja kidogo kidogo. Ilikuja kama mtu aliyefungua mlango, ikapita, ikafungwa. Hatua tano mbele ikafunguliwa tena. Nilisimama. Miguu yangu ilijua kabla yangu: ni kile kibanda, ni siku ile, na kitambaa kimefunguliwa. Ndani ya harufu ile ya nyama kulikuwa na kinyesi kidogo, na kitu cha kabichi iliyosahaulika kwenye maji, lakini chini ya vyote ilikuwa ile ile. Tumbo likajikunja. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika kanga begani.

Nikaiacha kanga. Nikafanya kama ninavyowafundisha wasichana wanaoanza kazi hii: vuta pumzi kwa pua, taratibu, mpaka mwisho, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipumue kwa mdomo, maana ukipumua kwa mdomo utaionja, tena mgonjwa ataona. Pua huchoka. Pumzi ya kumi si pumzi ya kwanza. Mzee alinisubiri bila kuuliza. Naye hakuwa ameziba pua.

Ua lenyewe lilikuwa pembeni ya kichuguu, pale pale alipopasema Mama, mistari miwili tu kutoka kwenye muhogo. Halikunizidi magoti. Limetoka kwenye udongo mtupu, bila jani, bila tawi. Shina laini lenye madoa, kisha jani moja nene limejizungushia kama kanga iliyofungwa kifuani, limefunguka kwa mbele. Nje kijani cha vumbi. Ndani, nilipoelekeza tochi, rangi ya ini bichi, yenye kung'aa kidogo kana kwamba imepakwa mafuta, na mikunjo yake imejichora mistari mistari. Katikati umesimama mchi mweusi uliochongoka, umepita ukingo na kuelekea juu.

"Usiguse," akasema Mzee. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, kwa mazoea ya kupima joto kwa mgongo wa kiganja.

Nzi walikuwapo, ingawa ni usiku. Wale wakubwa wa kijani, wamelala kwenye ukingo kama walevi. Mbawakawa wadogo weusi walikuwa wakitembea kushuka ndani, mmoja nyuma ya mwingine, wanapotea pale chini ambako mchi unaungana na ule mkunjo. Huko chini ndiko kuliko na maua ya kweli, madogo madogo, yamejipanga kama punje kwenye gunzi: ya kike chini, ya kiume juu yake. Ya kike huwa tayari kwanza. Mdudu anayefika amebeba chavua ya ua jingine anaipangusa hapo. Baadaye, ya kike yakishapita wakati wake, ya kiume hutoa chavua, na mdudu anaondoka amejipaka upya. Kwa hiyo ua halijichavushi lenyewe; linahitaji mwenzake, na mwenzake awe amechanua usiku wa karibu. Ndani ya usiku mmoja au miwili, gizani, bila rangi ya kuonekana kutoka mbali, litamwitaje mdudu? Linaita kwa sauti iliyo kubwa kuliko zote shambani. Anayetafuta mzoga atakuja. Hatapata nyama. Nzi wengine hutaga mayai kwenye maua kama haya, na funza wao hufa njaa, jambo ambalo lilinihuzunisha kidogo pale nilipokuwa nimepiga magoti, kwa maana nalo ni uhai.

Nikakaa chini. Nilitandika kanga moja juu ya tope nikakaa. Mzee akakaa juu ya jiwe. Harufu ilikuja na kuondoka. Nililitazama lile jani kwa karibu, uso wangu kiganja kimoja kutoka kwenye ukingo, nikitafuta doa la uozo, sehemu moja laini, kingo moja nyeusi. Nimetafuta uozo kwenye miili ya watu nusu ya maisha yangu, najua unavyoanza. Hapakuwa na kitu. Kila sehemu ilikuwa imekaza na imejaa maji, nzima kama shavu la mtoto. Ile harufu ilikuwa imetengenezwa humo, na mwili mzima, kwa kazi maalumu.

"Alikuwa akikaa hapo ulipokaa," Mzee akasema.

"Kila mwaka?"

"Likitoka. Mimi nilikuwa naona ni mambo ya wanawake, sikumfuata. Alipougua nikamwambia, mwaka huu nitakupeleka. Nitakubeba mgongoni." Akazima taa yake ya sola, tukabaki na tochi yangu. "Sikumfikisha."

Nikamwambia habari ya siku ya kwanza, ya kugeuza uso. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mwanangu. Mzee alinyamaza muda mrefu. Vyura walikuwa wameanza bondeni. Kisha akasema, "Aliniambia. Alisema yule Sista aligeuka, halafu akarudi. Wengine walipogeuka hawakurudi." Halafu akasema na yeye alikuwa miongoni mwa hao wengine, kwa majuma matatu, mpaka harufu ilipopungua, na kwamba majuma matatu hayo ndiyo anayoyaota.

Sikumliwaza. Kuna maneno ya kuliwaza tuliyofundishwa, mazuri, nami nimeyatumia mara nyingi, lakini si pale. Tulikaa tu. Yule mjukuu mdogo, sasa amekuwa mrefu, alikuja kututafuta akiwa na fimbo mkononi, fimbo ya kuchungia mbuzi. Alituona, akaliona ua, akailaza fimbo chini kwa taratibu nyingi, akaketi kwenye ukingo wa kanga yangu. Alishika pua sekunde chache. Halafu akaiachia mwenyewe.

Watu wananiuliza namna ya kuliona ua hili, nami nawajibu kwa moyo wote: tafuta mwenye shamba, mzee anayejua udongo wake, umwombe akupigie simu mvua zikianza. Nenda jioni, siku hiyo hiyo. Usilichimbue ukapande kwako. Kiazi kilichokatwa na jembe ni miaka iliyopotea. Na nawasihi vijana wanaolikata ili wapige nalo picha mjini waache. Nimeiona picha moja hivyo, msichana anacheka, amelishika mbali na pua. Ua lile lilikuwa halijamaliza kazi iliyolitoa ardhini.

Nililala kwao usiku huo, kwenye kitanda cha mkwe, naye akalala na watoto. Alfajiri nikarudi peke yangu kichuguuni. Harufu ilikuwa imebaki kidogo, kama chumba kilichopigwa deki. Mchi ulikuwa umeanza kulegea ncha. Chini, niliponyanyua ukingo kwa kijiti, chavua ilikuwa imetoka, njano iliyofifia, imeanguka kama unga juu ya ile rangi ya ini, na mbawakawa mmoja alikuwa akipanda kutoka ndani, mgongo wake mweusi umetapakaa unga ule. Ulinikumbusha unga wa vidonge kati ya vijiko viwili. Alifika ukingoni, akafungua mbawa mara mbili kabla ya kuweza kuruka. Nikamfuata kwa macho mpaka kwenye muhogo nikampoteza.

Nikamwambia Mama. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, nimesimama: nimelinusa, ni kama ulivyosema, halijaoza.

Niliporudi nyumbani kwao nilimkuta Mzee anapekua chini ya ghala. Mwanawe alikuwa na mpango wa kulima upande ule kwa ng'ombe mwaka huo, na jembe la ng'ombe haliulizi kilicho chini. Mzee akatoka na lile bakuli la enameli. Kitako kilikuwa kimetoboka kwa kutu, lakini ule ukingo wa buluu bado ulikuwapo, na kile kisiwa cheusi kimekua. Akachonga mti, tukaenda wote watatu, yeye, mimi na mtoto, akaupigilia hatua moja kutoka kwenye ua na kulitundika bakuli juu yake kupitia lile tundu, lionekane kutoka barabarani.

Mwezi wa sita alinipigia tena, safari hii na salamu zote, za nyumba, za mifugo, za mvua. Jani limetoka, akasema, moja, limejigawa mara tatu na kufunguka kama mwavuli. Nikamwuliza mwanawe amesemaje kuhusu kulima.

"Amehamisha muhogo," akasema. "Mistari miwili."